Kadi ya Mji na Daftari Lake: Historia Fupi ya Vitambulisho vya Manisipaa, Faida na Hasara Zake

1. Neno na chombo

Neno kitambulisho lina umbo lililo wazi kwa kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili. Asili yake ni kitenzi tambua, yaani kumjua mtu au kitu kwa alama zake. Kutoka hapo hupatikana tambulisha, yaani kumfanya mtu ajulikane kwa wengine. Na kwa kutia ki- mwanzoni na -o mwishoni hupatikana jina la chombo. Kitambulisho basi ni chombo cha kumfanya mtu ajulikane. Lakini umbo la neno halisemi ni nani anayekishika chombo hicho. Mwenye kadi aweza kujitambulisha, naye aweza vile vile kutambulishwa. Kitenzi ni kimoja, ila mtenda amebadilika. Sehemu kubwa ya historia ya vitambulisho imo ndani ya tofauti hiyo ndogo ya kisarufi.

Wasemaji wa Kiswahili waliujua upande wa kutambulishwa kabla ya kuujua upande wa pili. Nchini Kenya, sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri aliyemwajiri na habari za kazi yake. Cheti hicho kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Watu walikiita kipande, neno litajalo sehemu tu ya kitu kizima. Nacho kilichukiwa hata kikawa mojawapo ya mambo yaliyoamsha siasa ya Waafrika mjini Nairobi katika miaka ya 1920.

Katika Kongo ya Wabelgiji, buku ya utambulisho ya Mwafrika iliandikwa kodi aliyolipa na kazi alizofanya. Agizo la tarehe 23 Novemba 1931 liliweka utaratibu wa makao ya Waafrika mijini, yale yaliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa C.E.C.; na katika miji kama Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mwafrika hakuweza kukaa pasipo kibali. Baadaye zilikuja karatasi za daraja la juu: kadi ya sifa ya kiraia mwaka 1948, na utaratibu wa kuandikishwa mwaka 1952, uliokusudiwa kwa wale walioitwa "walioendelea". Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa ombi lake la kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Hadi mwisho wa ukoloni, wakuu wa jamaa walioandikishwa kwa utaratibu wa 1952 walihesabiwa kwa mamia tu, katika nchi yenye wakaaji zaidi ya milioni 13. Karatasi za chini zilimfunga mtu mahali pake, na zile za juu zilimtenga na ndugu zake.

Kwa msomaji aliyelelewa katika historia hiyo, habari ya mji kuwagawia wakaaji wake kadi ili kuwalinda itasikika kama kitu kigeni. Hata hivyo jambo hilo limetukia nchini Marekani tangu mwaka 2007. Makala haya yanakusudia kueleza lilivyoanza, lililoleta faida gani na hasara gani. Hoja yake ni kwamba faida za kitambulisho cha mji hutoka katika kadi ambayo mtu huishika mkononi, lakini hatari yake kubwa hutoka katika daftari ambalo mji huliweka kabatini. Na kwamba watawala wema waliokumbuka kadi walisahau mara nyingi daftari.

2. Nchi isiyo na kitambulisho cha taifa

Ili kuelewa kwa nini miji ilijiingiza katika kazi hii, yafaa kwanza kukumbuka kwamba Marekani haina kitambulisho cha taifa. Raia wake hutambulishwa kwa leseni ya udereva inayotolewa na jimbo. Asiyeendesha gari hupewa na jimbo hilo hilo kadi ya namna moja na leseni. Kwa muda mrefu utaratibu huo haukuwasumbua watu wengi.

Mambo yalibadilika baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Majimbo mengi yalianza kumtaka mwombaji wa leseni athibitishe kwamba anakaa nchini kwa kibali. Mwaka 2005 bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kwa jina la REAL ID, iliyoweka masharti hayo kwa kila leseni itakayokubaliwa na serikali ya shirikisho. Kwa njia hiyo mamilioni ya wahamiaji wasio na vibali walijikuta hawana karatasi yoyote ya nchi wanamokaa. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi humo kwa miaka mingi, nao walikuwa na watoto waliozaliwa humo, ambao kwa sheria ni raia.

Lakini hawakuwa peke yao. Mzee aliyeacha kuendesha gari, kijana asiye na nyumba, mtu aliyetoka gerezani bila cheti cha kuzaliwa, mtu ambaye jinsia iliyoandikwa katika karatasi zake hailingani na maisha yake: hao wote walikuwa raia, na hao wote waliweza kufukuzwa mlangoni kwa kukosa kadi. Jambo hili litarudi mbele, kwa maana ndilo lililoipa kadi ya mji nguvu yake.

3. New Haven, 2007

Mji wa kwanza kutoa kadi ya namna hii ulikuwa New Haven, katika jimbo la Connecticut, mji wa wakaaji wapatao 125,000 ambamo kimo Chuo Kikuu cha Yale. Viongozi wa mji walikadiria kwamba wahamiaji wasio na vibali walikuwa kati ya 10,000 na 15,000, wengi wao wakikaa katika mtaa wa Fair Haven.

Chanzo cha jambo kilikuwa wizi. Mfanyakazi asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti katika benki. Kwa hiyo alilipwa fedha taslimu, akazichukua mfukoni au akazificha nyumbani. Wezi walilijua hilo. Walijua pia kwamba mtu huyo akiibiwa hataenda polisi, kwa kuwa swali la kwanza la polisi ni jina na karatasi. Watu wa New Haven walikuwa wakisema kwamba wahamiaji wamekuwa mashine za fedha zinazotembea. Mwaka 2005 mashirika mawili ya mtaa, Junta for Progressive Action na Unidad Latina en Acción, yakisaidiwa na watu wa kitivo cha sheria cha Yale, yaliupendekezea mji mambo kadhaa, mojawapo likiwa kitambulisho. Meya John DeStefano alilikubali wazo hilo.

Tarehe 4 Juni 2007 baraza la mji lilipiga kura: 25 walikubali, mmoja alikataa. Siku mbili baadaye, alfajiri ya tarehe 6 Juni, askari wa idara ya uhamiaji ya serikali ya shirikisho waliingia katika nyumba za Fair Haven na kukamata watu wapatao 30. Idara ilisema kwamba msako huo ulipangwa zamani. Wakuu wa mji waliona ndani yake adhabu kwa kura ya baraza. Mwaka 2012 serikali ya shirikisho ilikubali kulipa dola 350,000 ili kumaliza kesi ya watu 11 waliokamatwa katika msako huo.

Pamoja na hofu hiyo, kadi za kwanza zilitolewa tarehe 24 Julai 2007, na watu walipanga mistari mirefu mbele ya jumba la mji. Kadi iliitwa kwa jina la utani la New Haven, yaani Mji wa Miti ya Elm. Mtu mzima aliilipia dola 10, mtoto dola 5. Ilikuwa na picha, jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Mwenye nayo aliweza kuazima vitabu katika maktaba ya mji, kulipia maegesho ya gari, na kuweka humo hadi dola 150 za manunuzi madogo. Haikuandikwa uraia wa mtu wala kibali chake. Neno lililochaguliwa kwa mwenye kadi lilikuwa "mkaaji". Mkaaji si lazima awe raia. Ni mtu anayelala na kuamka mahali fulani, na mji ndio ushuhudiao hilo kuliko serikali yoyote.

4. Kutoka San Francisco hadi New York

Mfano wa New Haven uliigwa upesi. San Francisco ilipitisha sheria yake mwaka 2007 na kutoa kadi za kwanza mwaka 2009. Kadi hiyo haikutaja jinsia ya mtu. Oakland ilifuata mwaka 2013, ikaongeza uwezo wa kutumia kadi kama kadi ya benki iliyolipiwa mbele. Lakini jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa la New York, mji wa watu zaidi ya milioni nane, ambamo wahamiaji wasio na vibali walikadiriwa wakati ule kuwa karibu nusu milioni.

Meya Bill de Blasio alitia sahihi sheria ya kadi hiyo tarehe 10 Julai 2014, na utoaji ulianza tarehe 12 Januari 2015. Kadi haikulipiwa. Mwombaji alitakiwa kufikisha jumla ya alama nne kwa karatasi alizoleta: angalau tatu za kuthibitisha yeye ni nani, na moja ya kuthibitisha kwamba anakaa mjini. Pasipoti ya kigeni ilikubaliwa, hata hati za ubalozi mdogo. Naye asiye na nyumba aliweza kutumia anwani ya nyumba ya hifadhi. Watu walikuja kwa wingi hata ikabidi wapangiwe siku, na wengine walingoja kwa miezi. Kufikia mwisho wa 2016 wenye kadi walikuwa wamepita 800,000.

New York ilifanya jambo moja la busara ambalo lafaa kutiliwa mkazo. Iliagana na makumbusho, bustani za wanyama na nyumba za maonyesho zaidi ya 30 ili mwenye kadi apewe uanachama wa mwaka mmoja bila malipo. Mtu angeweza kudhani kuwa hayo ni mapambo tu. Kumbe yalikuwa moyo wa mpango wenyewe. Kama kadi ingechukuliwa na wasio na vibali pekee, kuionyesha kungekuwa sawa na kukiri kwamba huna kibali. Ilikuwa lazima basi profesa, mwanasheria na mama wa Manhattan mwenye pasipoti ya Marekani nao waitamani. Makumbusho yaliwavuta hao, na kwa kuichukua kadi hiyo waliwafunika wenzao bila kujua.

5. Faida

Faida ya kwanza ni ya usalama. Katika mji wa New York, mtu aliyekamatwa kwa kosa dogo asiyeweza kujitambulisha aliweza kuwekwa ndani usiku kucha, hali mwenzake mwenye karatasi alipewa hati ya kuitwa mahakamani na kwenda zake. Polisi walipoikubali kadi ya mji, tofauti hiyo ilipungua. Hali kadhalika, aliyeibiwa au kupigwa aliweza kwenda kushitaki akiwa na jina lililothibitishwa.

Faida ya pili ni ya maisha ya kila siku, nayo haionekani kwa yule ambaye hajakosa kadi. Mzazi wa New York huulizwa kitambulisho anapotaka kuingia katika shule ya mtoto wake kumwona mwalimu. Mgeni huulizwa kitambulisho katika lango la hospitali. Wachumba huulizwa wanapoomba hati ya ndoa. Kadi moja ilifungua milango hiyo yote pamoja na ile ya maktaba. Baadhi ya benki ndogo na vyama vya akiba na mikopo vilikubali kumfungulia akaunti mwenye kadi, na hivyo fedha zikatoka mfukoni na chini ya godoro.

Faida ya tatu ni ngumu kuipima, lakini haipaswi kudharauliwa. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya mji na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walio wengi miongoni mwa wahamiaji wenye kadi waliona kuwa imewaongezea hisia ya kuwa wenyeji wa New York. Mtu aliyekaa miaka 20 mahali akifagia ofisi za wengine usiku, bila jina lake kuandikwa popote isipokuwa katika risiti, alishika mkononi kitu kilichosema kwamba yumo. Hapa chombo kilirudi kwenye maana ya kujitambulisha.

6. Hasara

Wapinzani wa kadi hizi walikuwa na hoja ambazo si haki kuzipuuza. Walisema kwamba mji unawazawadia watu waliovunja sheria ya nchi. Walisema kwamba kazi ya kujua nani yumo nchini ni ya serikali ya shirikisho, na kwamba ofisi ya mji haina ujuzi wa kupambanua pasipoti halisi na ya kughushi. Mabenki makubwa, kwa upande wao, yalisita kuipokea kadi ya New York kama kitambulisho cha kwanza, hata baada ya wasimamizi wa mabenki wa serikali ya shirikisho kueleza kwa barua mwaka 2015 kwamba yaruhusiwa kuipokea. Mlango uliokusudiwa kufunguliwa kwanza, ule wa benki, ndio uliobaki nusu wazi.

Hasara ya pili ni kwamba kadi ya mji huishia mpakani mwa mji. Haimpi mtu ruhusa ya kuendesha gari, wala ya kufanya kazi, wala ya kupiga kura, wala haikubaliwi katika ukaguzi wa uwanja wa ndege. Aliyeizoea aweza kusahau mipaka hiyo. Tarehe 1 Juni 2018 mtu mmoja apelekaye chakula kwa wateja alifika katika kambi ya kijeshi ya Fort Hamilton, huko Brooklyn, akaonyesha langoni kadi yake ya New York. Kambi ile imo ndani ya mji, lakini lango lake ni la serikali ya shirikisho. Mlinzi hakuridhika. Habari za mtu huyo zilichunguzwa, ikaonekana kwamba aliwahi kuamriwa kuondoka nchini, akakabidhiwa kwa idara ya uhamiaji. Alikaa kizuizini karibu miezi miwili hata jaji alipoamuru aachiliwe. Kadi haikumdanganya, lakini ilimzoeza kuona kila lango la New York kuwa la New York.

Hasara ya tatu ni ya siasa: kile ambacho mji hutoa, mamlaka ya juu yaweza kukiondoa. Mwaka 2023 jimbo la Florida lilikataza wilaya na miji kutoa fedha za kuwapa vitambulisho watu wasio na vibali.

Hasara hizi zote, hata hivyo, huonekana mapema, na mtu aweza kujihadhari nazo. Ile isiyoonekana mapema ni ya nne, yaani daftari.

7. Daftari la New York

Ili kutoa kadi, karani lazima aone karatasi za mwombaji. Swali ni kwamba akishaziona, azirudishe au azipige nakala na kuzihifadhi? New York, kwa kuogopa udanganyifu, iliamua kuhifadhi nakala kwa muda usiozidi miaka miwili. Chama cha kutetea haki za raia cha New York kilikataa kuiunga mkono sheria hiyo mwaka 2014 kwa sababu hiyo hiyo. Kilionya kwamba mji unakusanya mahali pamoja nakala za pasipoti za kigeni na anwani za watu ambao wana sababu ya kuogopa, na kwamba amri ya mahakama yaweza kulifungua kabati.

Watunga sheria waliweka kinga moja: mji uliruhusiwa kuharibu nakala hizo kabla ya mwisho wa 2016. Mshauri Carlos Menchaca, mmojawapo wa walioileta sheria hiyo, alieleza hadharani mwaka 2015 kwamba tarehe ile ilichaguliwa kwa kuangalia uchaguzi wa rais, asije akaingia mtu wa siasa nyingine. Maneno hayo yalichukuliwa wakati huo kama tahadhari ya kupita kiasi. Mnamo Novemba 2016 Donald Trump alichaguliwa, naye alikuwa ameahidi kuwafukuza wahamiaji kwa mamilioni. Tahadhari ile ikawa ghafla jambo la saa chache.

Mwezi uliofuata wabunge wawili wa jimbo, kutoka Staten Island, walikwenda mahakamani kuuzuia mji usiharibu karatasi. Hoja yao ilikuwa kwamba karatasi za serikali ni mali ya umma, na kwamba bila nakala haiwezekani kuchunguza udanganyifu wala kumfuatilia mhalifu. Hoja hiyo si ya upuuzi: katika nchi nyingi raia hulia kwamba serikali huchoma karatasi ili kuficha mambo. Jaji alizuia kwanza uharibifu, akasikiliza pande zote mbili, na mnamo Aprili 2017 akaamua kwamba mji unayo ruhusa. Wakati huo mji ulikuwa umekwisha kubadili desturi: tangu mwanzo wa 2017 karani alizitazama karatasi na kuzirudisha, bila kuweka nakala.

Kwa muda wa miezi minne, basi, usalama wa mamia ya maelfu ya watu walioitikia mwito wa meya wao ulining'inia katika tafsiri ya kifungu kimoja cha sheria. Si meya aliyebadilika. Nia yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mtu aliye juu yake. Waswahili husema akiba haiozi, nao huitaja methali hiyo kwa kumsifu mwenye kuweka nafaka. Katika habari ya madaftari methali hiyo hugeuka kuwa onyo: kilichowekwa na mtu mwema hukutwa kizima na mrithi wake, awe mwema au asiwe.

Chicago ilijifunza kutokana na hayo. Kadi yake, iliyoenea tangu 2018, iliunganisha kitambulisho, maktaba na nauli ya mabasi na treni, na karani wa mji hakuhifadhi nakala za karatasi za waombaji. Baadaye, ili kuwapunguzia watu mistari, ilifunguliwa njia ya kuomba kwa intaneti. Na maombi ya intaneti, kwa asili yake, huacha kumbukumbu. Mwaka 2025 idara ya uhamiaji ilipeleka hati ya kudai habari za walioomba kadi hiyo. Daftari lililotolewa mlangoni lilikuwa limerudi kwa dirisha, nalo lilirudishwa na nia njema ya kurahisisha kazi.

8. Mifano miwili ya zamani

Msomaji aweza kuuliza kama hofu ya daftari haikuzidishwa. Historia ya Ulaya na ya Afrika ya Kati ina majibu mawili, nayo yatajwa hapa kwa kifupi, si kwa kuyalinganisha na mambo ya Marekani kwa uzito, bali kwa kuonyesha jinsi chombo kinavyofanya kazi.

La kwanza ni la Amsterdam. Kabla ya vita vya 1940, miji ya Uholanzi ilikuwa na madaftari ya wakaaji yaliyotunzwa vizuri sana, pamoja na dini ya kila mtu, kwa makusudi ya amani kabisa. Wajerumani walipoingia waliyakuta tayari. Walianzisha kitambulisho cha lazima mwaka 1941, na cha Myahudi kilipigwa herufi J. Kadi iliweza kughushiwa, na wengi walighushi. Lakini kadi ya uongo ilifichuka mara ilipolinganishwa na daftari la mji. Kwa sababu hiyo, usiku wa tarehe 27 Machi 1943, kikundi cha wapinzani waliovaa nguo za polisi kiliingia katika ofisi ya daftari la Amsterdam na kulilipua. Sehemu ndogo tu ya kadi iliteketea. Watu 12 walipigwa risasi tarehe 1 Julai mwaka huo kwa tendo hilo. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 wa Uholanzi, karibu robo tatu waliuawa.

La pili ni la Rwanda. Baada ya hesabu ya watu ya 1933 na 1934, watawala Wabelgiji waliandika katika kitambulisho cha kila mtu ubwoko wake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno hilo liliendelea kuandikwa baada ya uhuru. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, kadi iliyosomwa kwa dakika moja iliamua kama mtu ataishi. Hapo hapakuhitajiwa daftari, kwa kuwa kadi yenyewe ilikuwa daftari. Baada ya mauaji ya kimbari neno hilo liliondolewa katika vitambulisho.

Mifano hii inafundisha kitu kimoja kwa njia mbili. Amsterdam inauliza: mji umehifadhi nini? Rwanda inauliza: kadi inasema nini? Miji ya Marekani ililijibu vema swali la pili, kwa kuwa haikuandika uraia wala kibali. Ni swali la kwanza lililowachelewesha.

9. Hitimisho

Mambo haya si ya mbali na wakaaji wa Kongo. Tangu uandikishaji wa wapiga kura wa 2005, kadi ya mpiga kura imekuwa ikishika nafasi ya kitambulisho kwa watu walio wengi. Mtu huionyesha benki, kwa mwenye kuuza namba ya simu, na kizuizini barabarani. Aliyeipoteza huenda komini kuomba cheti cha kupotelewa na vitambulisho, na cheti hicho cha karatasi, chenye muhuri wa komini, humfaa kwa muda. Kwa hiyo kitambulisho cha mji, ambacho New Haven ilisifiwa kwa kukibuni, kina ndugu yake maskini katika kila komini ya Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Tofauti ni kwamba kile kilibuniwa kwa mashauri na kura, na hiki kimezaliwa na upungufu.

Itakapofika siku ya kujadili kitambulisho kipya, kiwe cha taifa au cha mji, mazungumzo yataelekea kwenye kadi: rangi yake, bei yake, ugumu wa kuighushi. Hayo ni ya lazima. Lakini historia iliyoelezwa hapa inataka maswali matatu yatangulie. Je, kadi ni ya wote, hata yule mkubwa asiyeihitaji aitake, au ni ya wanyonge peke yao, iwe alama yao? Je, imeandikwa lile tu linalomsaidia mtu kujitambulisha, au pia lile linalomsaidia mwingine kumtenga? Na baada ya kadi kutolewa, ni nini kinachobaki kabatini, ufunguo uko kwa nani, na ni siku gani kitachomwa?

Maswali mawili ya kwanza huulizwa na kila mtu aliyesoma habari za kipande na za ubwoko. La tatu huulizwa na wachache, kwa sababu mtu apokeaye kadi hutazama picha yake mwenyewe, hamtazami karani anayefunga daftari. New York ilikuwa na bahati ya kuliuliza miaka miwili kabla ya kulihitaji.